Mtandao Dhaifu Pembezoni mwa Jiji: Kizingiti Kingine katika Njia ya Mgonjwa

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi baadaye, sensa ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja haikwenda Kariakoo wala Upanga, ambako nafasi ya kujenga ilikwisha zamani. Ilikwenda pembezoni: Chanika, Msongola, Chamazi, Mabwepande, Kibamba na upande wa Kigamboni. Watu walinunua viwanja, wakajenga vyumba viwili vya kuanzia na kuhamia kabla ya barabara ya lami, kabla ya bomba la maji, na mara nyingi kabla ya miundombinu ya mawasiliano inayotosha idadi yao.

Wataalamu wa afya ya jamii wamezoea kuitazama mitaa ya aina hii kwa vigezo vya maji safi, vyoo, lishe na umbali wa zahanati. Makala haya yanaomba kigezo kimoja zaidi kiongezwe, nacho ni intaneti. Intaneti haiponyi mtu, lakini huduma za afya zenyewe zinahamia humo hatua kwa hatua: kumbukumbu za wagonjwa, uhakiki wa bima, malipo, rufaa, majibu ya vipimo na ushauri wa daktari bingwa aliye mbali. Kila hatua inayohamia mtandaoni humpunguzia safari mwenye mtandao mzuri, na humwongezea mzigo asiye nao. Kwa hiyo huduma ya afya ya kidijitali haina budi kupimwa mahali ambapo mtandao ni dhaifu kuliko kote, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo wanapoishi wanaoihitaji zaidi.

Mtandao upo, lakini haufiki

Dar es Salaam si jiji lililosahauliwa na nyaya. Mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, na yote miwili inaingia nchini kupitia pwani ya jiji hili. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao huuchukua uwezo huo na kuusambaza mikoani. Taarifa inaweza kusafiri kutoka bara jingine hadi Dar es Salaam kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikakwama katika kilomita chache za mwisho, kati ya mnara na nyumba ya mtumiaji.

Wanaofuatilia suala hili hutofautisha mapengo mawili. La kwanza ni pengo la kufikiwa: mtu anaishi mahali ambapo hakuna kabisa mawimbi ya intaneti. La pili ni pengo la matumizi: mawimbi yapo, lakini mtu hayatumii. GSMA, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za simu, ilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2023, katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, asilimia 13 ya watu walikuwa katika pengo la kwanza na asilimia 60 katika la pili. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakitumia intaneti ya simu walikuwa zaidi kidogo tu ya robo. Sababu kubwa zinazotajwa ni bei ya simu janja, gharama ya data, na kutokuwa na ujuzi wa kuitumia. Wanawake wako nyuma zaidi ya wanaume kwa karibu theluthi moja, jambo linalopaswa kumshtua kila anayeshughulika na afya ya mama na mtoto.

Katika mitaa ya pembezoni lipo pia tatizo ambalo takwimu hizo hazilionyeshi wazi: ubora. Simu inaonyesha alama ya 4G juu ya kioo, na katika ramani ya kampuni eneo hilo limepakwa rangi kwamba limefikiwa. Hata hivyo saa mbili usiku ukurasa haufunguki, na ujumbe wa sauti unazunguka bila kutoka. Mtu huyu huhesabiwa kuwa ameunganishwa, ingawa siku anayouhitaji mtandao haupati.

Wakazi wote wa jiji waliionja hali hiyo tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ilipozikumba nyaya za EASSy na SEACOM baharini. Intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani. Ofisi zilisimama, malipo yalikwama, na watu wakalalamika kwa haki. Hitilafu ile ilirekebishwa. Udhaifu wa mtandao wa pembezoni hautangazwi kama dharura, kwa sababu ni hali ya kila siku.

Kwa nini ukingo wa jiji huachwa nyuma

Sababu za kwanza ni za kifizikia. Mnara wa simu ni kama bomba moja la maji la mtaa. Alfajiri, akiwapo mtu mmoja, ndoo hujaa haraka. Jioni foleni ikiwa ndefu, kila mmoja hupata matone. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja, na mtaa unapojaa watu kwa kasi kuliko minara inavyoongezwa, kila mtu hupata kidogo. Zaidi ya hayo, masafa ya juu ambayo hubeba data nyingi hayasafiri mbali, na hupenya kuta kwa shida. Masafa ya chini hufika mbali, lakini hubeba kidogo. Nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati, iliyo bondeni nyuma ya kilima, hupata mabaki ya mawimbi. Ndiyo maana mtu hutoka nje na kusimama chini ya mwembe ili simu yake ishike.

Sababu za pili ni za kiuchumi. Nyaya za faiba hutandazwa kwanza penye ofisi, hoteli na majengo ya ghorofa, ambako mteja mmoja hulipa kwa mwezi kiasi ambacho kaya kumi za pembezoni haziwezi kukichanga. Katika mitaa isiyopimwa, ambako njia ni nyembamba na nyumba hazina namba, hata kuchimba mtaro wa waya ni kazi ya mashaka.

Sababu ya tatu ni ya kimtazamo. Mitaa hii si kijiji, kwa hiyo mara nyingi haikumbukwi katika mipango ya mawasiliano vijijini. Tena haijawa mji kamili, kwa hiyo soko haliikimbilii. Lakini sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006 haikutaja vijijini pekee. Ilitaja pia maeneo ya mijini yasiyopata huduma ya kutosha. Msingi wa kisheria wa kuisaidia mitaa ya pembezoni upo, ila unahitaji kukumbukwa.

Mwisho ni gharama. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Intaneti ya Kasi iliweka lengo kwamba, ifikapo mwaka 2025, bei ya huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Tatizo la wastani ni kwamba humficha maskini. Mama anayeuza vitumbua hana kipato cha wastani wala mshahara wa mwezi; hununua kifurushi cha siku, na mara nyingi kila megabaiti humgharimu zaidi kuliko anayenunua cha mwezi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: video ya dakika tatu kuhusu lishe ya mtoto, ambayo mtu wa mjini huitazama bila kufikiri, kwa mwingine ni kifurushi cha siku nzima.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha kazi ambayo wakunga na madaktari wengi wameisoma. Walieleza kwamba kifo cha mama mzazi aghalabu hutanguliwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma inayostahili baada ya kufika. Mtandao dhaifu hugusa hatua zote tatu.

Katika hatua ya kwanza, familia huhitaji taarifa sahihi ili kutambua dalili ya hatari. Wapo wanaonunua vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee kwa kuwa ni nafuu. Mtu huyo huweza kupokea uvumi kuhusu chanjo kutoka makundi kumi, lakini hawezi kufungua ukurasa wa Wizara ya Afya ili kuuhakiki.

Katika hatua ya pili, programu za kuita usafiri hazimfai mtu ambaye simu yake haina data, au ambaye mtaa wake hauonekani vizuri katika ramani. Usiku wa manane, namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayefahamika, iliyoandikwa ukutani kwa mkaa, humsaidia kuliko programu yoyote.

Hatua ya tatu ni ile inayotuhusu sisi wa sekta ya afya moja kwa moja, kwa sababu humo kituo chenyewe huwa sehemu ya tatizo.

Kituo cha afya kinapokosa mtandao

Mgonjwa hufika saa moja asubuhi. Mapokezi huambiwa, “Mama, subiri kidogo, mtandao unasumbua.” Uhakiki wa kadi ya bima haujakubali, namba ya malipo haijatoka, faili halijafunguka. Daktari yupo, dawa ipo, lakini mgonjwa yuko kwenye benchi. Mwenye fedha taslimu huchagua kulipa ili aondoke, ingawa ana bima. Asiye nazo husubiri, au hurudi nyumbani na kusema atakuja kesho.

Kwa mhudumu, mtandao unapokatika kazi huongezeka maradufu. Huandika kwenye daftari, kisha jioni huingiza upya katika mfumo yaleyale aliyoyaandika mchana. Makosa huzaliwa hapo: tarakimu hugeuzwa, jina hurukwa, tarehe ya kurudi husahaulika. Takwimu hufika wilayani zikiwa zimechelewa, na mgao wa dawa unaotegemea takwimu hizo huchelewa pia.

Tiba kwa njia ya mtandao huumia zaidi. Picha ya kidijitali ya eksirei ya kifua yenye ukubwa wa megabaiti 10 hutumwa kwa chini ya dakika moja na nusu pale kasi inapokuwa megabiti 1 kwa sekunde. Kasi ikishuka hadi kilobiti 100, picha hiyohiyo huchukua zaidi ya dakika 13, na mtandao ukikatika katikati huenda ikalazimu kuanza upya. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu anayesubiri kusomewa picha, hilo ni usumbufu. Kwa majeruhi wa ajali ya bodaboda anayevuja damu kichwani, dakika 13 ni nyingi mno.

Hapo ndipo mhudumu mwenye nia njema huchukua simu yake binafsi, hupiga picha ya kidonda au ya cheti cha maabara, na kuituma kwa data aliyoinunua mwenyewe. Tunauheshimu moyo huo. Hata hivyo, taarifa za afya zimo miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha iliyobaki katika simu ya mtu, au iliyopita katika kundi lenye watu thelathini, ni siri ya mgonjwa iliyotoka nje ya kituo. Mtandao dhaifu basi humchelewesha mgonjwa na pia huhatarisha faragha yake.

Huduma zisizomdai mgonjwa intaneti

Zipo huduma nchini zilizobuniwa kwa kuikubali hali ilivyo. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na wenza wao jumbe fupi za bure zinazolingana na umri wa mimba. Ujumbe mfupi wa maandishi una herufi zisizozidi 160, na hupita hata penye mawimbi hafifu ya simu ya kawaida. Picha moja ya megabaiti 1 ina uzito unaozidi wa jumbe 7,000 za aina hiyo. Anayeelewa hesabu hii haoni haya kutumia ujumbe mfupi. Anaona ni chombo chenye nguvu kilichosahauliwa.

Mfano wa pili ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama au mhudumu hupiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji wa simu ndiye anayetumia mfumo wa kompyuta kupima hali, kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu, na kukitaarifu kituo kitakachompokea. Kinachofaa kuigwa hapa ni kwamba mzigo wa intaneti umewekwa katika kituo cha uratibu badala ya kuwekwa katika mkoba wa mama. Yeye anadaiwa simu yenye chaji tu, hata ikiwa ya kitochi.

Mfano wa tatu ni programu zinazofanya kazi nje ya mtandao. DHIS2, mfumo unaotumika nchini kukusanya takwimu za afya, una programu ya simu inayomwezesha mhudumu kuingiza taarifa pasipo intaneti, kisha ikazituma zote atakapofika penye mawimbi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba anahitaji chombo cha namna hii.

Yanayoweza kufanyika kituoni

Hakuna haja ya kungoja faiba ifike. Kituo kinaweza kuanza na mambo yafuatayo.

Kwanza, kuwe na utaratibu ulioandikwa na kubandikwa ukutani wa nini kifanyike mtandao unapokatika. Mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza, uhakiki ufuate. Fomu za karatasi ziwe tayari, zenye mpangilio uleule wa mfumo, ili uingizaji wa baadaye usizae makosa.

Pili, rufaa isitegemee mfumo peke yake. Simu ya sauti kwa kituo kinachompokea mgonjwa, pamoja na barua ya rufaa mkononi mwake, hukamilisha kazi. Maelezo mafupi ya sauti yanayotaja umri, tatizo, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, matibabu yaliyotolewa na saa ya kuondoka yana thamani kubwa kuliko faili lisilofunguka.

Tatu, mgonjwa aulizwe anavyofikiwa. Katika kadi ya kliniki iandikwe namba yake, kama simu ni yake au ya jirani, na kama anaridhia kutumiwa ujumbe. Ujumbe unaotaja dawa za kufubaza virusi, ukifika katika simu ya familia nzima, unaweza kuvunja nyumba. Andika tu, “Tafadhali fika kliniki Jumanne saa mbili asubuhi.”

Nne, kila mara mtandao unapokatika, saa na muda viandikwe katika daftari maalumu. Baada ya miezi mitatu kituo kitakuwa na ushahidi wa kupeleka halmashauri na kwa kampuni ya simu. Malalamiko ya mdomo husahaulika, lakini daftari lenye tarehe hujibiwa.

Ushauri kwa mgonjwa na familia

Ewe msomaji unayeishi mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, weka kumbukumbu zako za afya katika karatasi. Kadi ya kliniki, vyeti vya vipimo na majina ya dawa unazotumia viwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji, na uende nao kila unapokwenda kituoni. Usitegemee kwamba kompyuta itakukumbuka.

Andika mahali panapoonekana na wote nyumbani namba hizi: 115 kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, 199 ya Wizara ya Afya kwa taarifa na ushauri, nayo haitozwi malipo, namba ya zahanati yako, na namba za madereva wawili wa karibu. Hakikisha simu moja ya nyumbani ina chaji usiku.

Zijue dalili za hatari kwa moyo, ili usilazimike kuzitafuta simuni. Kwa mjamzito: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga: kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida au haraka sana, degedege, mwili kuwa wa moto au baridi kupita kiasi, na macho au ngozi kuwa ya njano. Ukiiona mojawapo, usisubiri ujumbe ujibiwe. Ondoka uende kituoni.

Nawe unayo haki ya kuuliza. Ukiambiwa mtandao uko chini, uliza kwa upole: “Je, kuna njia nyingine ya kunihudumia wakati tunasubiri?” Swali hilo likiulizwa na wengi, njia nyingine itatengenezwa.

Wajibu ulio juu ya kituo

Yapo ambayo mhudumu na mgonjwa hawawezi kuyamaliza. Halmashauri inapopanga zahanati mpya katika mtaa mpya, gharama ya mawasiliano ya uhakika iingizwe katika bajeti pamoja na umeme na maji, isiachwe iwe juu ya mfuko wa muuguzi. Wabunifu wa mifumo wasiijaribu katika ofisi zenye faiba pekee. Waipeleke kwanza katika zahanati ya pembezoni, saa za foleni, siku ya mvua. Mamlaka na kampuni zinapopima usambaaji wa mtandao, zipime pia kama ukurasa unafunguka saa mbili usiku ndani ya nyumba ya bati.

Vyuo vikuu vya afya navyo vina sehemu yao. Hospitali ya Mloganzila, iliyozinduliwa mwaka 2017, ipo pembezoni mwa jiji hilihili, na wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ufamasia wanaofundishwa humo watapangiwa vituo ambavyo mtandao wake ni dhaifu kuliko wa chuoni. Wafundishwe kutumia mifumo ya kidijitali kwa ustadi, na wafundishwe pia kuandika barua ya rufaa inayosomeka, kutoa taarifa ya mgonjwa kwa simu ndani ya dakika moja, na kulinda siri yake katika kila njia wanayoitumia.